Damu ya ndugu si kipimo: namna virusi vya damu na homa ya ini vilivyofika Katanga

Karavia, Lubumbashi – Kila mwaka mvua inapoanza, kuanzia mwezi wa kumi na moja, maji yanatuama, mbu wanazaliana na malaria inapanda. Hospitali za mji zinaanza kupokea watoto ambao viganja vyao vimekuwa vyeupe. Malaria imekula damu yao. Daktari anafunua jicho la mtoto, anaangalia, kisha anawaambia wazazi neno ambalo jamaa nyingi za Lubumbashi zinalijua: mtoto anahitaji kuongezewa damu, na anaihitaji leo.

Friji ya damu ikiwa tupu, simu zinaanza kulia. Mjomba anaamshwa kule komini ya Kenya, shemeji anaitwa kutoka Katuba, baba mdogo anapanda pikipiki usiku kutoka Karavia. Wanakunja mikono ya mashati. Na mara nyingi mtu mmoja wa jamaa anasema lile neno la siku zote: afadhali damu ya ndugu kuliko damu ya mtu tusiyemjua.

Neno hilo limejaa upendo. Lakini historia ya miaka mia moja ya virusi vinavyopita katika damu, kuanzia reli ya BCK hadi friji za leo, inaonyesha kwamba undugu haujawahi kuwa kipimo. Mtu anaweza kumpenda mtoto kwa moyo wote na bado damu yake ikabeba ugonjwa ambao yeye mwenyewe haujui. Ndiyo maana historia hii inafaa ijulikane kabla ya usiku wa haraka kufika.

Reli ilileta watu, na watu walileta damu yao

Mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka wa 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia. Kompani ya Union Minière ilitafuta nguvu za wafanyakazi kila mahali: Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Mwaka wa 1928 reli ya BCK iliunganisha Katanga na bandari ya Port-Francqui kwenye mto Kasai, ambayo leo inaitwa Ilebo. Kutoka hapo meli zilishuka hadi Léopoldville. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka mji mkuu na kufika kwenye mashimo ya shaba bila kutembea kwa miguu miezi mizima.

Mwaka wa 2014, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Leuven pamoja na wenzao walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliowashangaza wengi. Walilinganisha chembe za urithi za virusi vya SIDA vilivyokusanywa kwa miaka mingi Afrika ya Kati, na kwa hesabu wakarudi nyuma hadi mwanzo. Waliona kwamba aina ya virusi iliyoenea duniani kote ilianzia Kinshasa karibu na mwaka wa 1920, na kwamba ilifika Lubumbashi na Mbuji-Mayi kabla ya miaka ya 1930 kwisha. Njia iliyoileta ilikuwa ileile ya wafanyakazi na wachuuzi, yaani mto na reli. Kufuatana na hati za wakoloni, mwishoni mwa miaka ya 1940 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wakipita Kinshasa kwa gari la moshi kila mwaka.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umefika katika mji wa shaba karibu miaka hamsini kabla haujapewa jina. Hakuna aliyeuona. Kipande cha damu cha zamani kabisa ambacho virusi hivyo vimetambuliwa ndani yake kilichukuliwa Léopoldville mwaka wa 1959 kwa ajili ya utafiti mwingine, kikahifadhiwa, na kilipimwa virusi hivyo katika miaka ya 1980 tu.

Sindano moja, mikono mingi

Reli peke yake haielezi kila kitu. Wakati uleule, serikali ya kikoloni ilipigana na ugonjwa wa usingizi, kaswende na buba kwa kampeni kubwa za sindano. Watu walipangwa mistari katika vijiji na miji. Sindano zilikuwa za kioo, chache, na za bei. Kuchemsha kila moja baada ya kila mgonjwa kulihitaji muda, kuni na wauguzi ambao hawakuwepo. Mara nyingi sindano ilisuuzwa tu, kisha ikaingia katika mkono wa mtu aliyefuata.

Dalili zilionekana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari Beheyt wa Léopoldville aliandika juu ya wagonjwa waliopata homa ya ini baada ya kupigwa sindano za kutibu magonjwa mengine. Walikuja kutafuta dawa, wakarudi nyumbani na ugonjwa wa pili. Daktari Jacques Pepin wa Kanada, aliyewahi kufanya kazi ya uganga Zaire, alirudia hati hizo katika kitabu chake cha mwaka wa 2011 juu ya asili ya SIDA, na anaona kwamba sindano za wakati huo zilisaidia virusi kuenea kabla ya ngono kuchukua nafasi ya kwanza.

Ushahidi mwingine uko katika miili ya wazee. Uchunguzi wa homa ya ini ya aina ya C uliofanywa Kinshasa na kuchapishwa mwaka wa 2013 uliona kwamba watu wa umri mkubwa wanayo zaidi kuliko vijana. Kama ugonjwa ungekuwa unapita kwa namna ileile miaka yote, vijana nao wangekuwa wanaipata kwa wingi. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba kulikuwa na kipindi cha zamani ambacho kitu fulani kilipitisha virusi kwa watu wengi pamoja, na sindano za hospitali na kampeni ndizo zinazoshukiwa kwanza.

Yambuku ilionyesha jambo hilohilo kwa ukali. Mwaka wa 1976, katika hospitali ya misheni ya kijiji hicho cha Équateur, sindano tano zilitolewa kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku nzima, na zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ilipoingia, watu 318 waliugua na 280 wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa miongoni mwa waganga wa kwanza kutumwa huko, alichukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu kwa sababu hakukuwa na glavu.

Ebola inaua kwa siku chache, kwa hiyo kila mtu aliona kosa liko wapi. Homa ya ini ya B na C inachukua miaka 20 au 30 kabla ya ini kuwa gumu au kuota kansa. Mtu akifa akiwa na miaka 50, tumbo limejaa maji na macho yana rangi ya manjano, nani atakumbuka sindano au chupa ya damu aliyopewa akiwa na miaka 18? Jamaa inatafuta mchawi. Ukoo unagawanyika. Hapo ndipo kutojua kunakoharibu mara ya pili.

Namna ini lilivyopata majina

Wazee wa Lubumbashi wanaita kila ugonjwa wa macho ya manjano kwa jina moja. Sayansi nayo ilichelewa kuyatenganisha. Leo inajulikana kwamba homa ya ini ya A na E hupita katika maji na chakula kichafu, na B, C na D hupita katika damu. B hupita pia kwa ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa.

Mwaka wa 1965 Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walichapisha habari za kitu walichokiona katika damu ya mwenyeji asilia wa Australia. Baadaye ilieleweka kwamba kilikuwa kipande cha ngozi ya nje ya virusi vya B. Kwa kipande hicho, damu iliweza kupimwa kabla ya kupewa mgonjwa. Blumberg alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1976, na tarehe yake ya kuzaliwa, 28 ya mwezi wa saba, ndiyo siku ya kimataifa ya homa ya ini.

Lakini hata baada ya kipimo hicho, wagonjwa waliendelea kuugua. Daktari Harvey Alter alifuata huko Marekani watu waliopewa damu wakati wa upasuaji wa moyo. Kabla ya mwaka wa 1970 karibu 30 kati ya 100 walipata homa ya ini. Kisha hospitali yake iliacha kununua damu kwa watu wanaouza, ikachukua ya watu wanaojitolea tu, na ikaanza kupima virusi vya B. Hesabu ilishuka hadi karibu 10. Waliobaki walikuwa na ugonjwa usio A wala B. Mwaka wa 1989 virusi vyake vilitambuliwa na kuitwa C, na mwaka wa 2020 Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipata Nobel.

Katika hesabu hiyo kuna somo kubwa kwa Kongo. Sehemu kubwa ya usalama ilipatikana wakati virusi vya C vilikuwa bado havijapewa jina, na kipimo chake hakikuwepo. Ilitegemea pia swali jingine: damu inatoka kwa nani, na kwa nini anaitoa?

Watoto wa Mama Yemo

Katika Afrika kusini mwa Sahara, kuongezewa damu kulianza kutajwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kulienea sana baada ya mwaka wa 1945 pamoja na kujengwa kwa hospitali mpya. Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelea kukua, na polepole kila hospitali ikabaki inajitafutia damu yake. Katikati ya miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na feza za afya kupunguka, kazi ilianza kudorora. Kwa Zaire pigo lilikuwa mara mbili, maana bei ya shaba ilianguka wakati uleule. Kwa hiyo SIDA ilikuta huduma za damu zimekwisha kuchoka.

Mwaka wa 1984, Projet SIDA ilianza katika hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa, ikiunganisha Wazaire, Wamarekani na Wabelgiji. Jonathan Mann aliiongoza mwanzoni, na daktari Bila Kapita alikuwa mmoja wa nguzo zake. Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya namna hiyo katika Afrika.

Moja ya mambo iliyoyatoa lilihusu watoto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1988 ulionyesha kamba yenye vifundo vitatu: malaria inamaliza damu ya mtoto, mtoto anaongezewa damu, na damu hiyo inampa virusi vya SIDA. Kadiri mtoto alivyokuwa ameongezewa damu mara nyingi, ndivyo hatari yake ilivyopanda. Kipimo cha kwanza cha damu kilikuwa kimeruhusiwa Marekani mwaka wa 1985, lakini kukifikisha kila mahali palipokuwa na mtoto mgonjwa ilikuwa kazi nyingine.

Wazazi wa watoto hao hawakufanya kosa. Waganga walikuwa na mtoto anayekufa mbele yao. Wengi wa waliotoa damu hawakujijua. Funzo lililobaki ni kwamba namna ya kwanza ya kuzuia virusi katika damu ya mtoto ni kuzuia malaria isifike hatua ya kumaliza damu yake: chandarua, kipimo cha mapema, dawa ya mapema. Mtoto ambaye hakuhitaji damu hawezi kuambukizwa kwa damu.

Shaba ilijaribu njia yake

Kinshasa ilikuwa na maabara. Je, hospitali ya Kasenga, ya Kaniama au ya Moba ingefanya nini, ikiwa barabara imekatika na mgonjwa anatokwa damu baada ya kuzaa?

Swali hilo lilijaribiwa hapahapa, jimbo lilipokuwa bado linaitwa Shaba. Mwaka wa 1992 jarida la kimataifa la AIDS lilichapisha kazi ya watafiti wa Zaire na Ubelgiji juu ya kuzuia virusi vya SIDA katika damu kwa njia ya kugawa kazi kwa hospitali zenyewe. Wazo lilikuwa rahisi. Badala ya kungojea benki moja kubwa ya damu iliyo mbali, vipimo vya haraka visivyohitaji mashine kubwa vinapelekwa mahali damu inapotolewa, na watu wa palepale wanafundishwa kuvitumia. Shaba ikawa mfano wa namna jimbo kubwa lenye barabara mbaya linavyoweza kuanza kujilinda bila kungojea kila kitu kikamilike.

Lakini miaka hiyo haikuwa ya amani. Baada ya wanafunzi kushambuliwa usiku katika kampasi ya Lubumbashi, mwezi wa tano wa 1990, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire. Mwaka wa 1991 uporaji wa wanajeshi na raia ulitikisa Kinshasa na miji mingine, na Projet SIDA ilifungwa. Gécamines, iliyokuwa ikilipia hospitali, shule na unga wa jamaa nyingi za Katanga, ilianguka kutoka tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya 50,000 mwaka wa 1994.

Kipimo cha haraka ni kitu kidogo, lakini kinaisha. Sanduku likiisha na lingine lisifike, maabara yenye mtu aliyesoma vizuri inabaki mikono mitupu. Sindano chache za mkoloni, sindano tano za Yambuku na masanduku matupu ya miaka ya 1990 yanasimulia jambo moja: virusi vinapita pale kitu kinapokosekana na haraka inapokuwa kubwa.

Basi damu ya nani?

Leo Kongo ina mpango wa taifa wa kuongezea damu, na sheria ya kazi ni kwamba kila mfuko wa damu upimwe virusi vya SIDA, homa ya ini ya B, homa ya ini ya C na kaswende. Shirika la Afya Duniani limeomba tangu mwaka wa 1975 kwamba damu itolewe bila malipo. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za nchi, jamaa ya mgonjwa ndiyo inayobaki mlango wa kwanza wa kubishwa.

Kipimo nacho kina mpaka wake. Mtu aliyeambukizwa juma lililopita anaweza kupimwa na kuonekana mzima, kwa sababu mwili wake haujaonyesha bado alama ambayo kipimo kinatafuta. Katika majuma hayo ya kwanza, ulinzi unaobaki ni ukweli wa mtoaji. Hapo damu ya ndugu inaonyesha udhaifu wake. Mjomba aliyeitwa saa nane ya usiku, wakwe wanamtazama na mama wa mtoto analia, atawezaje kusema kwamba mwezi uliopita alilala na mtu asiyemjua vizuri, au kwamba aliwahi kupata macho ya manjano? Akikataa, ataitwa mtu asiye na huruma. Basi ananyoosha mkono na kunyamaza.

Mtoaji wa kujitolea hana macho ya jamaa juu yake. Anaweza kujibu maswali ya muuguzi bila woga, na anaweza kurudi nyumbani bila aibu akiambiwa asitoe. Lakini hata yeye asisifiwe upesi. Watafiti waliofanya kazi kwa miaka mingi Kumasi, nchini Ghana, wameonyesha kwamba mtu anayejitolea kwa mara ya kwanza anaweza kuwa na virusi karibu sawa na ndugu aliyeitwa hospitalini. Aliye salama zaidi ni yule anayerudi. Amepimwa leo, amepimwa baada ya miezi michache, amepimwa tena, na anajua kwamba maisha yake yanaonekana katika kila mfuko.

Damu ya mtu huyo ikiwa katika friji kabla ya mtoto kufika, haraka inapungua. Mfuko unaweza kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6 kwa siku 35, mradi umeme usikatike. Ndiyo maana friji, jenereta na sanduku la vipimo ni sehemu ya uganga sawa na daktari.

Kilicho mikononi mwa wakaaji

Kufuatana na hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na homa ya ini ya B na milioni 50 na ya C, na magonjwa hayo yaliua watu milioni 1.3. Huko Kinshasa, uchunguzi wa miaka ya 2018 na 2019 katika maternite mbili ulipima wanawake wajawazito 4,016 na kukuta virusi vya B kwa 109. Hao ni akina mama waliokuja kliniki wakijiona wazima.

Habari njema zipo. Homa ya ini ya C inapona kwa vidonge vya majuma 8 hadi 12. Ya B haijapata dawa ya kuimaliza, lakini inatulizwa kwa tenofovir, dawa inayotumika pia kwa wagonjwa wa SIDA. Chanjo ya B iko katika chanjo za kawaida za watoto wa Kongo kuanzia juma la sita. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake, mara 9 kati ya 10, atabaki na ugonjwa maisha yote.

Kwa jamaa iliyo mbele ya kitanda cha hospitali, historia hii haisemi ikatae damu. Mtoto aliyeishiwa damu anaweza kufa kabla ya kupambazuka, na damu iliyopimwa inamwokoa. Inachosema ni kwamba jamaa ina haki ya kuuliza: je, mfuko huu umepimwa mambo yote manne? Ndugu aliyeitwa naye ana haki ya kuongea na muuguzi peke yake, mlango umefungwa, na kutoka bila mtu kumuuliza kwa nini hakutoa.

Na kwa yule ambaye hana mgonjwa leo, siku nzuri ya kwenda kutoa damu ni siku ambayo hakuna anayelia. Dunia imeweka tarehe 14 ya mwezi wa sita kuwa siku ya watoaji damu. Huo ni wakati wa baridi na ukavu Lubumbashi, malaria imetulia kidogo. Atakayetoa siku hiyo, akarudi tena mwezi wa kumi, atakuwa ameweka katika friji damu iliyopimwa mara mbili kabla ya mvua ya kwanza kunyesha.